Mgonjwa haulizwi uji? Wewe muulize

Sote tulifundishwa shuleni kwamba mgonjwa haulizwi uji. Mwalimu aliandika methali hiyo ubaoni, tukainakili, tukapata alama zetu, tukaenda. Na maana yake ni nzuri. Mtu akiwa na shida usingoje akuombe, mletee. Usimsimamie mgonjwa kitandani ukimhoji kama polisi ilhali unaona midomo imemkauka.

Lakini kuna siku wewe ndiye unakuwa mpishi wa huo uji, na si wa siku mbili bali wa miaka. Hapo ndipo methali inaanza kuleta noma. Mgonjwa asiyeulizwa uji leo, kesho haulizwi nguo, keshokutwa haulizwi pesa zake, na mwezi ukiisha hana jambo hata moja ambalo ameliamua mwenyewe. Amelishwa, ameogeshwa, amepakwa mafuta, anang'aa. Ndani amenyong'onyea.

Makala haya ni yako wewe kijana unayemuuguza mzazi, nyanya, babu au ndugu nyumbani. Mimi si daktari. Niliacha chuo mwaka wa pili baada ya mathe kupata kiharusi mwaka 2022, pesa za karo zikageuka pesa za dawa. Tangu wakati huo mchana nauguza, usiku naandika blogu. Nitakwambia niliyoyasoma na niliyoyaona, nawe uchague yatakayokufaa.

Upendo unaobana

Tuelewane kwanza: wanaomfanyia mgonjwa kila kitu si watu wabaya. Wengi wanampenda sana, na wengine wana haraka tu.

Mathe alipotoka hospitalini, upande wake wa kulia haukuwa na nguvu na maneno yalimtoka moja moja. Nyumba yetu ya chumba kimoja na sebule ikajaa watu. Shangazi alitoka ushago na kuku wawili, akachukua jukumu la kumlisha kwa kijiko. Jirani akamsuka nywele bila kumuuliza anataka mtindo gani. Mjomba naye akawa msemaji rasmi. Mgeni akiuliza, "Mama, unaendeleaje?" mjomba anajibu, "Anaendelea vizuri, anakula, analala." Mathe yuko hapo hapo kwenye kiti, anasikia kila neno.

Wiki ya tatu hivi, shangazi aliponyanyua kijiko, mathe alikishika kwa mkono wa kushoto na kukirudisha mezani. Akatafuta maneno kwa muda mrefu, hadi watu wakaanza kutazama sakafu. Kisha akasema, "Wifi, mkono ndio mgonjwa. Mimi bado niko."

Shangazi ni mtu muungwana. Alimsogezea bakuli, akamwekea kitambaa kifuani, akakaa kando. Siku hiyo nusu ya uji ilimwagika. Baada ya siku kumi hivi, kilichomwagika kingejaa kijiko kimoja tu.

Kiungo kisipotumika husahau

Kuna sababu ya kitabibu ya kutomfanyia mtu lile analoweza kujifanyia. Kiharusi hutokea mshipa wa damu kwenye ubongo unapoziba au kupasuka. Sehemu iliyokosa damu hufa. Hata hivyo, ubongo si simiti. Sehemu zilizobaki zinaweza kujifunza baadhi ya kazi za ile iliyokufa, na njia ya kujifunza ni kurudia, kurudia, kurudia. Miezi ya kwanza ndiyo yenye mavuno makubwa, ingawa wapo wanaoendelea kupata nafuu hata muda mrefu baadaye.

Mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, Edward Taub, alitumia miaka mingi kuchunguza jambo ambalo pengine umeliona nyumbani bila kujua lina mtu aliyelichunguza. Mtu anajaribu mkono dhaifu mara kadhaa, unashindwa, basi anaanza kutumia ule mzima peke yake. Muda unapita. Mkono dhaifu unapata nafuu kiasi, lakini ubongo umeshauzoea kama mkono usio na kazi. Unaweza kufanya kitu, ila hautumwi tena. Tiba aliyoibuni ni kuuvisha mkono mzima glavu nene, kisha ule dhaifu unafanyishwa mazoezi kwa saa kadhaa kila siku kwa wiki mbili hivi. Tiba hiyo huwafaa walio na uwezo kiasi wa kuusogeza mkono, na husimamiwa na mtaalamu, kwa hivyo tafadhali usimfunge mamako mkono leo jioni.

Ninachotaka uone ni hiki. Ikiwa mkono mzima wa mtu mwenyewe unaweza kuufanya mkono wake mwingine uzembee, fikiria mikono yako miwili ya kijana, yenye nguvu na haraka, inaufanya nini. Kila kifungo cha shati unachomfungia ilhali anaweza, umemwibia zoezi moja.

Na si mwili tu. Mwaka 1976 watafiti wawili, Ellen Langer na Judith Rodin, walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwenye makao ya wazee jimboni Connecticut, Marekani. Wazee wa ghorofa moja walikumbushwa kwamba maisha yao ni jukumu lao wenyewe. Wajipangie vyumba, wachague siku ya kutazama sinema, na kila anayetaka achague mmea wa kuutunza mwenyewe. Wazee wa ghorofa nyingine nao walipewa mimea na sinema vilevile, ila wakaambiwa wauguzi ndio watakaowapangia na kuwamwagilia. Wiki chache baadaye, kundi la kwanza lilionekana kuwa changamfu na lenye furaha kuliko la pili. Huduma zilikuwa karibu sawa. Kilichotofautiana ni nani mwenye neno.

Tajiri naye hajifulii soksi

Hapa vijana wengi tunachanganyikiwa. Tunadhani kujitegemea ni kufanya mambo peke yako, na kwamba mtu akihitaji kusaidiwa kwenda choo basi uhuru wake umeisha.

Hebu mtazame tajiri mmoja wa mtaa wa kifahari. Ana dereva, mpishi, mtu wa kukata nyasi na mwingine wa kumbebea mkoba. Hajafua soksi zake tangu enzi za Moi. Umewahi kusikia mtu akisema, "Maskini, yule ni wa kutegemea watu"? Tunamwita mheshimiwa. Mikono yote inayomhudumia si yake, lakini yeye ndiye anayesema gari liende wapi na chakula kiwe kipi. Sasa wewe unapomvisha mamako viatu, tofauti yake na mheshimiwa ni moja tu: nani amechagua viatu.

Si mimi niliyegundua hili. Kuna jamaa mmoja wa California aliyeitwa Ed Roberts. Aliugua polio akiwa na umri wa miaka 14, akapooza karibu mwili mzima, na usiku alihitaji mashine ya chuma ya kumsaidia kupumua. Mwaka 1962 aliingia Chuo Kikuu cha California kule Berkeley. Mwaka 1972 yeye na wenzake walianzisha kituo cha watu wenye ulemavu kinachoendeshwa na wao wenyewe. Msimamo wao ulikuwa rahisi: nahitaji mtu wa kuniosha na kunivisha, sawa, lakini mimi ndiye nitakayesema lini na vipi. Idara ya jimbo ambayo mwanzoni ilimwona kama mtu asiyeweza kuajiriwa, miaka kadhaa baadaye alikuja kuwa mkurugenzi wake.

Hapa nyumbani nako sheria inasema kitu. Kipengele cha 57 cha Katiba ya 2010 kinawapa wazee, yaani waliofika miaka 60, haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo na msaada wa kadiri kutoka kwa familia na Serikali. Soma tena mpangilio huo. Kusaidiwa na kushiriki vimewekwa pamoja, kimoja hakifuti kingine. Kipengele cha 54 nacho kinasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Kwa hivyo ile sauti ya "haya fungua mdomo, mtoto mzuri" kwa mama aliyekulea, wacha.

Vikapu vitatu

Sasa tufike kwa kazi yenyewe. Mwaka 1963 daktari wa Marekani, Sidney Katz, na wenzake walichapisha orodha ya mambo sita ya kupimia kama mtu anaweza kujihudumia: kuoga, kuvaa, kwenda choo, kutoka kitandani hadi kwenye kiti, kuzuia haja, na kula. Orodha hiyo bado inatumika hospitalini. Mimi naipenda kwa sababu inakuzuia kusema "mathe hawezi" kwa jumla. Hawezi nini hasa?

Chukua karatasi, keti na mgonjwa wako, mwende jambo moja moja. Kila jambo litaingia kwenye kikapu kimojawapo.

Kikapu cha kwanza ni yale anayoyaweza mwenyewe, hata akichelewa. Hapo kazi yako ni moja, nayo ni ngumu: kukaa mkono mfukoni. Akifunga vifungo kwa dakika 15, amsheni mapema kwa dakika 15. Haraka yako ya kupata matatu isigeuke kuwa udhaifu wake.

Kikapu cha pili ni yale anayoyaweza ukimsaidia kidogo. Hiki ndicho kikubwa kuliko vyote na ndicho tunachokisahau. Mtu hawezi kusimama bafuni, lakini ukimwekea kiti cha plastiki kisichoteleza, na ndoo ya maji mahali ambapo mkono wake unafika, anaoga mwenyewe nawe unangoja mlangoni. Hawezi kuvaa shati? Mfundishe mpangilio: wakati wa kuvaa, mkono dhaifu uingie kwanza, wakati wa kuvua, mkono wenye nguvu utoke kwanza. Kama mnaishi kwenye fleti zetu hizi zisizo na lifti, kupanda ngazi aanze na mguu wenye nguvu, kushuka aanze na mguu dhaifu. Fimbo ashike kwa mkono wa upande wenye nguvu. Na ukimwinua, usimvute kamwe kwa mkono uliopooza, maana bega linaweza kuachana na kiungo chake. Mwombe mtaalamu wa tiba ya viungo akuonyeshe haya kwa vitendo kabla hujajaribu.

Maneno nayo ni ya kikapu hiki. Kiharusi kinaweza kumnyima mtu maneno bila kumnyima akili. Anajua anachotaka kusema, neno ndilo haliji. Usimmalizie sentensi. Hesabu hadi kumi kimoyomoyo. Muulize swali ambalo jibu lake ni ndiyo au la, au mwonyeshe vitu viwili aelekeze kidole. Mgeni akiuliza, "Mama anaendeleaje?" mwambie, "Muulize mwenyewe, yuko hapa."

Kikapu cha tatu ni yale asiyoyaweza kabisa. Hapo fanya wewe, bila aibu na bila kulalamika. Lakini uliza. Maji yawe ya moto kiasi gani? Tuanze kichwa au miguu? Nani akuoshe, mimi au dada? Hili la mwisho ni zito kwetu. Kuna wazazi ambao kuoshwa na mtoto wa jinsia nyingine kunawavunja kuliko ugonjwa wenyewe. Wengine hawajali. Hutajua usipouliza.

Rudini kwenye karatasi hiyo kila mwezi. Mambo huhama. Mathe alianza na kuvaa kwenye kikapu cha tatu, leo kuko cha kwanza. Kwa mwenye ugonjwa unaozidi kuwa mbaya, vitu vitahamia upande ule mwingine, na karatasi itakusaidia kuongeza msaada taratibu badala ya kuchukua kila kitu siku moja.

Na akitaka jambo la hatari?

Najua unachowaza. "Wewe blogu, umesema uhuru, lakini baba anataka kuvuka Jogoo Road peke yake." Ni kweli. Uhuru una kona zake kali.

Njia yangu ni kujiuliza maswali mawili. La kwanza: akikosea, kitakachotokea kinarekebishika? Uji ukimwagika, tunapangusa. Akichagua sweta yenye tundu, atachekwa kidogo. Hayo mwachie. Lakini gesi ikiachwa wazi, au akianguka kwenye ngazi usiku, hilo haliwezi kufutwa na kitambaa. La pili: kuna namna ya kupunguza hatari bila kuondoa jambo lenyewe? Badala ya kumkataza kupika, apike mkiwa wawili, wewe uwashe na kuzima. Badala ya kumkataza kanisa, mtafute mtu wa boda anayemjua na asiye na papara, au kijana wa jirani atembee naye. Ondoa mikeka inayoteleza, weka taa njiani kuelekea choo. Neno "hapana" liwe la mwisho kutoka mdomoni mwako.

Dawa ndizo husababisha vita zaidi. Mzee anakataa tembe za presha, nyumba nzima inapiga kelele, mwishowe mtu anazisaga na kuzificha kwenye chakula. Kabla hamjafika huko, muulize kwa nini. Baadhi ya dawa za presha huongeza mkojo, na mzee anayekwenda matangani kwa matatu ya saa tatu ana sababu nzuri ya kuzikwepa. Akili yake iko sawa, saa ya dawa ndiyo mbaya. Daktari anaweza kupanga upya. Asizikatize tu kimya kimya, kwa sababu presha iliyopuuzwa ndiyo chanzo kikubwa cha kiharusi.

Ikiwa tatizo ni ugonjwa wa kusahau, chaguo lipungue lakini lisiishe. Usimuulize nyanya, "Utavaa nini leo?" akapotelea kwenye kabati. Mnyanyulie rinda la bluu na la kijani. Akishika la kijani, ni la kijani.

Simu, PIN na Sh2,000

Sasa niulize swali ambalo wengi hatupendi. Simu ya mgonjwa wenu iko na nani?

Nimeona kwenye familia nyingi mtaani. Mzazi anaugua, wiki ya kwanza mtoto mmoja anachukua simu "ili tusikose pesa za michango". PIN inajulikana na watu wanne. Mwaka unaisha, mgonjwa hajawahi kuona salio lake. Pesa za Inua Jamii, Sh2,000 kwa mwezi kwa waliofika miaka 70, zinaingia na kutoka, naye anaambiwa, "Zilinunua vitu vya nyumba." Labda ni kweli. Lakini mtu aliyekusomesha kwa kuuza sukuma wiki anastahili kusikia hesabu.

Jaribu hivi. Simu ikae naye. Kama hawezi kubonyeza, mbonyezee akiwa anaona, kisha msomee ujumbe na salio lililobaki. Nunueni kitabu cha Sh50 cha kuandika kila shilingi ya dawa, ya nauli na ya mchango wa SHA, ile bima iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Kitabu hicho kitakulinda na wewe pia, maana siku moja ndugu yako aliye mbali atauliza pesa zilienda wapi. Na hata kama pesa ni kidogo, mwachie mgonjwa noti yake ya matumizi. Ya sadaka, ya kumnunulia mjukuu mandazi. Mtu ambaye hawezi kumpa mwingine kitu chochote hujiona ameshakufa nusu.

Kama ugonjwa umeacha ulemavu, mwongoze ajisajili na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu baada ya kupimwa na madaktari wa hospitali ya umma. Mwulize kwanza kama anataka. Wapo wanaoona kadi hiyo kama muhuri wa aibu, na wapo wanaoiona kama mlango. Mweleze faida zake, kisha mpe wiki afikirie.

Na uhuru wako wewe?

Hii sehemu isikupite, kwa sababu makala mengi ya kuuguza huishia kwa mgonjwa na kumwacha mwuguzaji amesimama jikoni.

Wewe una miaka 22, wenzako wanapanda vyeo, wanaoa, wanapiga picha Diani. Wewe unajua bei ya pampasi za watu wazima. Kuna usiku unamkasirikia mtu unayempenda kwa sababu ameita mara ya nne, halafu unajichukia kwa kukasirika. Hali hiyo haikufanyi kuwa mtoto mbaya. Inakwambia umechoka, na mwuguzaji aliyechoka ndiye hufanya kila kitu haraka haraka, bila kuuliza, ili amalize. Uhuru wako na wake umefungwa kwa kamba moja.

Kwa hivyo wewe nawe lazima utegemee watu. Itisha kikao cha familia, ana kwa ana au kwenye simu, mgonjwa akiwemo. Usiseme "nisaidieni", kwa sababu kila mtu ataitikia na hakuna atakayekuja. Sema, "Jumamosi mbili za mwezi nataka kuwa nje kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Nani atakaa na mama?" Anayeishi mbali atume pesa ya kumlipa mtu wa siku hiyo. Na tafadhali, kama wewe ni kijana wa kiume mwenye dada, kazi ya kuosha na kufua si yake kwa sababu ya jinsia yake. Mkono mmoja haulei mwana, wala hauuguzi mzazi.

Wasee wa chama, kanisa, msikiti na wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba hadi nyumba, wote wana kitu cha kutoa. Wape kazi ndogo yenye saa. "Mama Otis, unaweza kuketi naye Jumatano baada ya chakula cha mchana?" Watu hukimbia mzigo usiojulikana unaisha lini, lakini saa moja wataibeba.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalitarajii: mgonjwa wako pia anaweza kukubeba. Mathe aliuza mitumba Gikomba kwa miaka 14. Mkono ulipolala, macho hayakulala. Siku hizi mimi naleta nguo, nazitandaza kitandani, yeye anachambua. Hii ya daraja la kwanza, hii ina doa kwapani, hii usiiuze chini ya mia tatu. Mimi napiga picha na kuwatumia wateja wake wa zamani kwa WhatsApp. Mteja akitaka kupunguziwa, nampigia mathe simu iwe kwenye spika, naye kwa maneno yake machache anamaliza biashara. "Mia mbili... hamsini. Basi." Yeye ndiye bosi, mimi ndiye miguu. Bila mgongo wangu hauzi, na bila jicho lake mimi ningenunua matambara.

Tafuta cha namna hiyo nyumbani kwenu. Babu aliyekuwa fundi anaweza kukuelekeza kutengeneza meza akiwa ameketi. Nyanya anaweza kuchambua maharagwe, kumsimamia mtoto akifanya kazi ya shule, kuamua nani apelekewe sukari kwenye matanga. Kazi iwe ya kweli, isiwe ya kumpumbaza. Wazee hujua tofauti.

Si kila siku itafaulu. Kuna siku mathe anasema, "Leo nilishe tu," nami namlisha bila hotuba. Kutaka kudekezwa siku moja pia ni uamuzi wake. Kuna siku nina tarehe ya mwisho ya kazi na vifungo namfungia mimi, namwambia sababu, anatikisa kichwa, tunaendelea.

Lakini leo jioni, kabla hujawasha jiko, ingia chumbani kwa huyo unayemuuguza. Keti chini ili macho yenu yawe sawa. Muulize anataka uji wa wimbi au wa mahindi, na uwe na sukari kiasi gani. Halafu nyamaza. Jibu likichukua dakika nzima kutoka, ngoja hiyo dakika.